Nani Atavaa Tisheti ya Kunyonya Choo?

Projekta ilikuwa inawaka, ukutani kuna mchoro wa vyoo vipya, jengo zuri la bluu na nyeupe, tenki la maji juu ya mnara wake, mpaka mti pembeni fundi michoro kauweka ili ipendeze. Mwalimu mkuu wa shule tunayotaka kuijengea alikaa meza ya mbele, soda yake hata hajaigusa. Rais wa klabu yetu ya hisani akamgeukia kwa bashasha akamwambia, "Mama mwalimu, ukiacha haya unayoyaona hapa, kuna kingine cha haraka tukusaidie?"

Mama akasimama, akashukuru kwanza, akapanga maneno yake, halafu akasema, "Mngenisaidia hela ya gari la kunyonya."

Kuna mtu nyuma akacheka. Hakuwa na dharau, ni kile kicheko cha mtu aliyeshtukizwa akiwa na wali mdomoni. Rais akatabasamu, akaangalia saa, akasema tutalifanyia kazi, kengele ikagongwa.

Mimi nikabaki nimekaa.

Maana shule ile tayari ina vyoo vya klabu yetu, vilijengwa kabla mimi sijajiunga, na picha za uzinduzi zipo kwenye zile slaidi tunazowaonyesha wageni kila mara, watoto wamepanga mstari, utepe unakatwa. Ndivyo alivyokuwa anavizungumzia. Vimejaa, vimepigwa kufuli, watoto wamerudi kwenye vile vya zamani. Na sisi tuko na projekta tunamwonyesha vingine.

Tangu siku hiyo hili jambo halijaniacha, na naandika hapa kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp la klabu nikiandika kirefu watu wanajibu na kidole gumba tu.

## Saa moja ya Jumanne

Mnazijua hizi klabu za watu wanaokutana na kuchangishana ili kusaidia jamii, Rotary, Lions na ndugu zao, sina haja ya kuanza mbali. Rotary ya Nairobi ipo tangu 1930, ya Dar es Salaam tangu 1949, kwa hiyo wanaosema ni mambo ya kuja juzi au ya matajiri peke yao wanakosea (matajiri wapo, sikatai, lakini kwetu kuna walimu, kuna mwenye duka la spea, kuna nesi mstaafu ambaye ndiye anayefanya kazi kuliko wote). Wanawake tumechelewa kufunguliwa mlango, Lions 1987, Rotary 1989, mama yangu angetaka kuingia enzi zake angeambiwa akaandae chai. Klabu yetu ni ipi na mji gani sitasema, na mkinijua mnyamaze.

Kikao chenyewe kinachukua saa moja tu, Jumanne mchana, ukumbi wa hoteli. Kengele, wimbo wa taifa, chakula, kutambulisha wageni, faini, mzungumzaji wa siku, matangazo, kengele. Kwenye faini ndipo wanachama wanapochangamka: simu ikiita unalipa, ukinunua gari bila kutangaza unalipa, mwanao akifaulu unalipa kwa furaha. Hela inatoka mifukoni kirahisi mpaka unashangaa, mtu anayebishana na bodaboda shilingi mia tano hapa anatupa elfu kumi kwenye kapu huku anacheka.

Sasa mnielewe kitu kimoja kuhusu hiyo saa moja. Watu wametoka makazini, wanarudi makazini. Ikifika dakika ya hamsini macho yote yako kwenye saa, na chochote kilichowekwa mwisho kwenye ajenda kinakufa. Sijawahi kuona ajenda ya mwisho ikipona. Ombi la mama mwalimu lilikuja dakika hizo, likaingia kwenye kumbukumbu za kikao kama "mgeni alitoa shukrani na maoni."

## Kamati ya matembezi

Mimi ni mweka hazina. Na hiki ni kipindi cha maandalizi ya matembezi yetu ya hisani, ndio chanzo chetu kikubwa cha hela kwa mwaka, kwa hiyo mbali na Jumanne kuna vikao vya kamati jioni na simu usiku, kibali cha polisi kimefika wapi, gari la wagonjwa nani anaongea nao, maji ya kunywa katoni ngapi, MC anataka advansi, jukwaa, bango, na juu ya vyote tisheti, maana matembezi bila tisheti watu wanaona wametembea bure.

Klabu zenye utaratibu zina akaunti mbili, ya uendeshaji inayotokana na ada zetu wenyewe, na ya miradi inayotokana na hela ya wananchi. Lions wameiweka wazi kwenye kanuni zao, kilichochangwa na umma kinarudi kwa umma, unatoa tu gharama za moja kwa moja za lile tukio. Kwa hiyo chakula cha Jumanne tunajilipia. Nasema hivi kwa sababu najua kuna watu watakuja na maneno ya "mnakula michango". Hapana, hatuli. Hapo usingizi wangu uko salama.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mchapaji wa tisheti alitaka maandishi ya mwisho.

Kwenye kamati nikasema, jamani, mwaka huu tuandike tunatembea kwa ajili ya kufufua vyoo vilivyopo, kunyonya, kukarabati, kulipia maji. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtu mwema sana na rafiki yangu, akanitazama kama nimeomba nyama ya kitimoto msibani kwa shehe. Akasema, "Dada yangu, nani atavaa tisheti ya kunyonya choo?"

Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka, ilikuwa inachekesha kweli.

Lakini nikiwa njiani narudi nyumbani nikawaza michango ya harusi. Si tunaichanga sisi hawa hawa? Mtoto wa rafiki wa shemeji, kadi inakuja, unaweka ahadi ya laki na unaimaliza kabla ya kikao cha mwisho, kwa sababu siku ya siku utakuwepo, utakula, utapigwa picha na jina lako litakuwa kwenye daftari la mweka hazina siku na wewe ukimwozesha wako. Hakuna anayemchangia bwana harusi hela ya kodi ya nyumba mwezi wa nane baada ya harusi, na mwezi wa nane ndio anaihitaji. Sisi tumebeba akili hiyo hiyo tukaipeleka shuleni.

## Meneja

Nikamfuata mdhamini wetu mkuu, meneja wa tawi la kampuni moja, nikitegemea atakuwa mgumu. Hakuwa mgumu. Alikuwa mkweli, na ukweli wake ulinisumbua zaidi.

Akasema wao wana fungu la kusaidia jamii, na kila robo mwaka analitolea ripoti makao makuu. Ripoti ina sehemu ya picha. Akiweka jengo lina nembo ya kampuni, linaeleweka. "Nikiweka risiti ya gari la majitaka," akaniambia, "wataniuliza kama nimejengewa choo nyumbani kwangu."

Sasa huyu utamlaumu vipi? Anafanya kazi yake. Na ukipanda juu kwa wafadhili wakubwa unakuta ukuta huo huo umejengwa kwa matofali mengine. Taasisi ya Rotary kwa mfano ina ile ruzuku yao kubwa ya kimataifa, bajeti ya mradi haishuki chini ya dola 30,000, wanataka tathmini ya mahitaji ya jamii na maelezo ya jinsi mradi utakavyodumu, vitu vya maana kabisa, lakini gharama za kila siku za kuendesha taasisi ya watu wengine hawalipi. Wanaogopa kufungwa mwaka hadi mwaka, nawaelewa. Ila jumlisha sasa: mdhamini hataki, mfadhili haruhusu, mwenye tisheti anaona aibu. Shimo linaendelea kujaa.

Kuna kitu kidogo nilikumbuka kuhusu historia yao. Mwaka 1917 Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, alisimama kwenye mkutano wao mkuu Atlanta akapendekeza waanzishe mfuko wa kufanya mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka kwa klabu ya Kansas City, dola 26 na senti 50. Haukuwa na jengo lolote lililochorwa ukutani. Leo ndio taasisi inayotoa mamilioni ya dola kila mwaka.

## Gari lilikuja likarudi

Najua mnachotaka kuuliza. Gari la kunyonya ni bei gani kwani? Safari tatu za gari kwa bei za huku kwetu hazifiki bili ya chakula cha kikao kimoja. Si mngelipa tu?

Tulilipa. Wiki iliyofuata yule nesi mstaafu alipitisha kapu la faini mara mbili, hela ikapatikana pale pale, watu wakapiga makofi, mimi nikaituma kwa simu na gari likaenda shuleni. Na nesi akaniambia twende tukashuhudie, maana yeye hela ikitoka lazima aifuate.

Gari likashindwa.

Kwanza halikufika. Vyoo vile viliwekwa nyuma kabisa ili watoto wa kike wawe na faragha, wazo zuri, halafu miaka ikapita yakajengwa madarasa mapya mbele yake, njia ikafa, mpira wa gari hautoshi. Wakaunganisha mpira wa pili wa kuazima. Wakafika shimoni wakakuta hakuna mfuniko. Yaani zege limemwagwa limefunika kila kitu, hakuna pa kuingizia mpira, aliyejenga hakuwaza kwamba kuna siku shimo litajaa, au aliwaza na akaona mfuniko ni gharama na hautaonekana kwenye picha. Wakatoboa zege. Mpira ukaingia, ukavuta kidogo, ukaziba. Chupa za plastiki, mawe, vitambaa, pedi. Watoto hawana maji wala karatasi chooni, wanajifutia kinachopatikana, na wasichana wakubwa hawana pa kutupa pedi, utawalaumu kwa lipi?

Mama mwalimu alisimama pembeni anaomba radhi. Anatuomba radhi sisi! Nikamwambia shikamoo mara ya pili kwa kukosa la kusema.

Akatuketisha ofisini akatufungulia vitabu vyake, na hapo ndipo nilipoelewa kuliko vikao vyote vya klabu. Mwongozo wa nchi yetu, Tanzania, unasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Yeye kwenye vile vyoo vyetu vilipokuwa vinafanya kazi alikuwa na watoto zaidi ya mara tatu ya hapo kwa tundu, kwa hiyo shimo lililopigiwa hesabu ya miaka mingi likajaa mapema, hesabu rahisi tu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto waliongezeka, jambo jema, na michango ya lazima kwa wazazi ikakatazwa, nayo nakubali ilikuwa imezidi. Badala yake inakuja ruzuku, shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na katika hiyo 6,000 ndiyo inayoingia shuleni, nyingine ni ya vitabu. Gawa sasa elfu sita kwa mwaka mzima: chaki, karatasi za mitihani, michezo, kitasa kilichovunjika, bili ya maji. Hela ya kunyonya inatoka wapi? Akiwaomba wazazi kwa nguvu anaonekana anavunja agizo. Asipowaomba anaonekana hajui kutunza mali ya wafadhili.

"Kile kibao chenye jina la klabu yenu tunakifuta vumbi kila Ijumaa," akatuambia wakati tunaondoka, na naamini alitaka kutufurahisha.

Nesi hakuongea mpaka tumefika barabarani.

## Hoja ya polio

Nikaenda na hoja yangu kwa mzee wetu, mwanachama wa siku nyingi kuliko wote, nikidhani nimepata silaha. Nikamwambia mzee, kazi kubwa kuliko zote klabu za aina hii zimewahi kufanya ni polio. Rotary waliingia 1985. Mwaka 1988 mpango wa dunia ulipoanza, ugonjwa ulikuwa kwenye nchi zaidi ya 125, unapoozesha watoto kama 350,000 kwa mwaka. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili, yaani kisichotokana na chanjo, ilikuwa 1996. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena polio ya asili. Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Matone. Nyumba kwa nyumba, matone yale yale kwa watoto wale wale, mwaka baada ya mwaka, wino kwenye kidole, barafu kwenye kibebeo ili chanjo isiharibike. Na Februari 2022 Malawi walipotangaza mgonjwa wa kirusi kilichotoka Pakistan, huku nako chanjo za nyumba kwa nyumba zikarudi. Hakuna jengo. Hakuna utepe. Kwa hiyo tukitaka tunaweza kuchangisha hela ya kazi ya kujirudia.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake.

Akasema, "Mwanangu, polio ina mwisho. Watu walichangia ule mwisho. Choo hakina siku ya kutangaza ushindi."

Nilikosa jibu. Mpaka leo sina jibu zima.

Akaniongezea la pili, kwamba tukianza kulipia kunyonya shule moja, kesho zitakuja tano, na halmashauri itajua kuna watu wa Jumanne wanalipa, itapumzika. Tutalipa mpaka lini? Na tukiacha, tumewaacha pabaya kuliko tulipowakuta.

Hii hoja naiheshimu, lakini nimeizungusha wiki nzima na nimegundua ina tundu. Tukijenga vipya hatukwepi hilo swali hata kidogo, tunalisogeza tu mbele miaka michache na kumwachia mwalimu mkuu mwingine. Kila jengo ni ahadi ya kulitunza. Sisi tunaitoa ahadi, halafu anayeilipa ni mama mwenye elfu sita kwa mtoto. Na hili si la kwetu peke yetu, mwaka 2009 mtandao wa RWSN wa maji vijijini ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika ukakadiria asilimia 36 ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Karibu kila moja ya hizo ilikuwa na siku yake ya uzinduzi, nina uhakika, na mgeni rasmi.

## Ninachopeleka Jumanne

Nimeandika pendekezo, ukurasa mmoja, maana wa pili hakuna anayeusoma.

Sijasema tuache kujenga. Nimesema tujenge vichache kuliko kwenye ule mchoro, vya mashimo mawili ya kupokezana, moja likijaa linafungwa linapumzika miaka miwili huku la pili linatumika, uchafu unaoza unageuka udongo unaotolewa kwa koleo, gari lisipofika sio msiba. Ni ghali zaidi kuchimba na kwenye picha hakuna tofauti yoyote, mti bado utakuwepo pembeni. Mifuniko iwepo. Ndoo za pedi zenye mfuniko ziwepo na mtu wa kuzimwaga ajulikane. Na asilimia 15 ya kila mradi isiguswe siku ya ujenzi, ikae kwenye akaunti ya miradi kwa miaka mitatu, itoke kwa saini ya kamati ya shule na yetu, kwa maji, sabuni na ukarabati. Wakati huo huo tukakae na halmashauri tukiwa na namba mkononi, tuwaulize mwaka wa nne nani anaendelea, na wajibu kabla hatujachimba.

Halafu kuna kipengele cha mwisho ambacho nesi ndiye alikitunga na ndicho kinacholeta kelele zote kwenye simu yangu: kibao kisiwekwe siku ya uzinduzi. Kiwekwe mwaka wa tatu, kama vyoo bado vinatumika.

Meneja nilimpelekea kwanza nikijua atakataa. Amekaa kimya siku kadhaa kisha akaandika kwamba makao makuu wanaweza kukubali, ila wanataka picha tatu badala ya moja, ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sikutegemea. Kumbe ukimpa mtu cha kuripoti kila mwaka anaweza kulipia kila mwaka, wala sikulazimika kumbadilisha tabia. Ila hajaweka saini bado, na mimi mweka hazina, hela isiyo na saini siiandiki.

Mwenyekiti wa kamati bado hanielewi vizuri, anasema nawakatisha watu hamu. Inawezekana. Mzee hajasema atapiga kura upande gani. Tisheti zimeshapelekwa kwa mchapaji, zimeandikwa "Tembea kwa ajili ya watoto wetu", maneno ambayo hayajamkera mtu yeyote na hayajasema kitu chochote, nimeyapitisha mwenyewe kwa sababu matembezi hayasubiri.

Jana Rais kanipigia. Amesema pendekezo amelisoma, hajui kama atalikubali, ila amelihamisha kwenye ajenda, halitakuwa la mwisho, litakuja mara tu baada ya chakula, kabla ya faini.